Mkebe wa Kuficha Moshi

Tulipomzika mama mkwe wangu mwezi uliopita kule Iguhu, shemeji zangu walinisogelea kabla ya ibada kuanza, wakaniomba nikipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wakwe nisimulie ile habari ya gari. "Ile ya mkebe," mmoja wao akasema, tayari meno yako nje. "Mama mwenyewe aliipendanga sana." Sikatai kwamba inachekesha. Nimeisikia ikisimuliwa kwenye harusi na kwenye ubatizo, kila msimulizi akiongeza chumvi yake, na nimejifunza kucheka mahali pa kucheka. Lakini siku ile nilipopewa kipaza sauti nilitazama jeneza, nikasema marehemu alikuwa mcha Mungu na mkarimu, nikawashukuru majirani kwa kuni na maji, nikarudi kuketi. Hema zima lilibaki likingoja. Mke wangu Fridah alinishika goti bila kunitazama. Wale shemeji zangu vijana huimaliza habari ile pale inapochekesha. Mimi nilikuwepo hadi mwisho wake, na mwisho wake hauchekeshi.

Mwaka ule nilikuwa karani kijana mjini Kakamega, na nilipanga chumba kimoja huko Lurambi pamoja na rafiki yangu Shikanga, mwalimu wa fizikia. Tulikiita chumba kimoja lakini tulikuwa tumekigawa kwa pazia la maua, upande huu vitanda viwili, upande ule stovu ya mafuta taa, sufuria mbili na ndoo ya maji yenye kifuniko. Kila kitu tulichokula kilikuwa na harufu kidogo ya mafuta taa. Jioni tulisonga ugali, tukala na sukuma, na Ijumaa omena, wale dagaa wa ziwani, huku tukisikiliza redio ya mama mwenye nyumba kupitia ukuta wa mbao, maana yetu haikuwa na betri. Shikanga alikuwa na mazoea ya kufundisha hata akiwa anatafuna. Angeweza kukueleza kwa nini ugali unashika sufuria hadi ugali wenyewe upoe. Nilimpenda sana, na ninamlaumu hadi leo, ingawa najua lawama si yake.

Mwanzoni mwa mwaka huo nilinunua gari. Lilikuwa dogo, la kijani kibichi, la afisa mmoja aliyekuwa akistaafu, na kwa siku chache nilijiona mtu mkubwa. Kisha moshi ukaanza. Haukuwa moshi wa kawaida, ulikuwa wa buluu, mzito, unaofuata gari na kulipita likisimama. Wauza ndizi sokoni walifunika ndizi zao wakiniona. Vijana wa jukwaa la baiskeli za kubeba abiria ndio walionipa jina. Kwa kuwa nchi yetu ni ya miwa na kila mtu anajua bomba la kiwanda cha sukari linavyotoa moshi, waliliita gari langu Kiwanda. Nikipita walipiga kelele, "Kiwanda imefunguliwa! Leteni miwa!" Fridah wakati huo alikuwa akiuza katika duka la vitambaa, na tulikuwa tumeshakubaliana kuoana. Jioni moja nilipokwenda kumchukua aliniomba kwa upole nisimame kule mbele kwenye kona, asije akapandia mlangoni mbele ya wateja. Nilisema sawa. Usiku huo sikula.

Shida ilikuwa kwamba tulikuwa tumepangiwa siku ya kwenda kwao. Baba yake Fridah alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye neno alikuwa baba yake mdogo, mzee aliyeitwa Likhaya, mtu wa kukagua. Fridah alinionya kwamba Likhaya alishamkataa kijana mmoja aliyekuja kuposa binamu yake kwa sababu alifika na viatu vya kuazima. Siku hiyo moja ndiyo ingeamua kama nitapewa Fridah au sitapewa, na mimi nilikuwa nikienda kuingia katika boma lile nikiwa nimefungwa kwenye wingu la buluu. Mimi wa leo ningekwenda kwa miguu. Kijana yule hakuweza hata kuliwaza jambo hilo, kwa kuwa Fridah alishawaambia kwao kwamba nina gari.

Fundi alitaka kufungua injini abadilishe ringi za pistoni, kazi ambayo sikuwa na uwezo nayo. Shikanga alinisikiliza nikilalamika hadi akaweka kijiko chini. "Wewe unataka kutibu ugonjwa," akasema. "Na hao wakwe wataona tu moshi. Wacha tutibu moshi." Akachora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Injini iliyochoka hupumua vibaya. Kuna mpira unaotoa mvuke wa oili tumboni mwa injini na kuurudisha kwenye kabureta ukaungue pamoja na petroli. Ikiwa nzima, mvuke ni kidogo. Ikiwa imelika, injini inakunywa oili yake yenyewe na kuitoa nyuma kama moshi. Tukiukata mpira huo katikati, akasema, na kuweka mkebe, mvuke utaingia mkebeni, oili itabaki chini, na hewa safi itaendelea na safari yake.

Tulitumia mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Fundi wa koroboi, zile taa za mkebe, pale sokoni alitulehemea vibomba viwili juu, kimoja cha kuingilia na kimoja cha kutokea, na kiparafujo chini cha kumwagia oili. Tuliupaka rangi nyeusi ya ubao ambayo Shikanga aliitoa shuleni, ili mtu akifungua boneti asione maandishi ya mafuta ya kupikia. Likabaki swali la kitu cha kuweka ndani, cha kuukamata mvuke. Mimi nilitaka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Shikanga alikataa, akisema vipande vitakatika na kuvutwa hadi kwenye pistoni. Alitoka nje, akaenda kwenye ua wa mama mwenye nyumba ambako madodoki yalikuwa yametambaa na kukaukia, akarudi na moja refu mkononi. "Kitu cha Mungu," akasema. "Unaogea kila siku na hujawahi kuona linakatika." Tulilikata, tukalishindilia mkebeni, tukafunga kifuniko kwa waya na gundi, tukaufunga mkebe kando ya injini kwa mpira wa tairi ya baiskeli.

Moshi uliisha. Sijui niseme vipi furaha ya asubuhi ile. Nilipita jukwaa la baiskeli polepole, kioo kimeshushwa, na wale vijana walisimama wakiutafuta moshi. Mmoja akauliza, "Kiwanda imefungwa?" Nilimpungia mkono. Jioni nilikwenda kusimama mlangoni kabisa pa duka la vitambaa, na Fridah akatoka akatazama nyuma ya gari, akanitazama mimi, akacheka hadi akashika tumbo. Kila baada ya siku chache nilifungua kiparafujo na kumwaga kile kilichokusanyika, kitu cheupe cheupe kama uji ulioharibika, oili iliyochanganyika na maji. Shikanga alikisifu. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kitu hicho kinalifanya nini dodoki. Linapoogewa hukauka tena juani. Ndani ya mkebe hamkuwa na jua, na ilikuwa miezi ya mvua, ambayo kwetu hunyesha kila alasiri bila kuomba ruhusa.

Siku ya kwenda Iguhu nilivaa koti la suti, jipya, la kijivu, lenye kitambaa cha nailoni ndani. Tulikuwa wanne, mimi, Shikanga na wazee wawili wa upande wangu, na nyuma tulipakia sukari, majani ya chai na kreti za soda. Barabara ilikuwa tope na mlima, gari likilia kwa gia ndogo. Karibu na kufika nilianza kusikia harufu ya oili inayoungua. Tulipoingia langoni, uzi wa moshi ulikuwa ukitoka kwenye kingo za boneti. Chini ya turubai mbele ya nyumba watu walikuwa wamesimama kutupokea, Likhaya katikati na fimbo yake, na kando yake Senje Peris, shangazi yake Fridah, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wetu. Wakaanza kuimba. Nikawashusha wazee wangu na Shikanga. Mvua iliyokuwa ikinyunya ikaongezeka, na moshi nao ukaongezeka, na niliona macho ya Likhaya yakihama kutoka kwa wageni hadi kwenye boneti.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa kwetu hafanyi. Kwetu mkwe na mama mkwe huoneana haya. Hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake pembeni, hadi siku wazee watakapowafungulia njia kwa zawadi na maneno. Ndiyo maana mgeni wa posa akifika, mama wa msichana hukaa jikoni, nyuma ya nyumba, na mkwe haukaribii upande ule hata akiwa na kiu ya kufa. Nilijua. Nilikuwa nimefundishwa. Lakini nilitaka kulificha gari lisionekane, na mahali pa kulificha palikuwa nyuma ya nyumba. Nililizungusha pole pole kana kwamba natafuta mahali pa kuegesha, nikasimama karibu na mlango wa jikoni, nikaruka nje bila kuzima injini kwa kuwa betri ilikuwa hafifu na nisingeweza kuiwasha tena, nikafungua boneti.

Mkebe ulikuwa umevimba kifuniko. Dodoki lilikuwa limefura, limeziba bomba la kutokea, na injini ilikuwa ikipumua ndani ya mdomo uliofungwa. Nilitakiwa kuzima. Badala yake nikaung'oa mpira. Ule uji uliochemka ulinirukia kifuani, ukaangukia bomba la moshi lililokuwa limeiva kwa joto, ukashika moto, na moto ukaja kwenye mkono wa koti langu. Nakumbuka nilisimama tu nikiutazama mkono wangu. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, "Woi! Mwana wanje! Mwana wanje anaungua!" Mtoto wangu, alisema, kwa Kiluhya chake. Mama mkwe wangu alikuwa akipika kwa kuni na alikuwa ameliweka kando vazi lake zuri lisishike moshi, kwa hiyo alitoka na gagulo na kitambaa cha kichwani. Alinikumbatia kiunoni, akaniangusha kwenye matope, akanipanda kwa magoti na kulivua lile koti kwa kuling'ang'ania hadi likatoka. Watu wote waliokuwa wakiimba mbele walipozunguka pembe ya nyumba, hicho ndicho walichokiona. Nyimbo zilikatika. Mama mkwe alitazama watu, akanitazama mimi, akakimbilia jikoni na kufunga mlango. Shikanga alimwaga ndoo ya maji kwenye injini, nayo ikazima kwa mlio ambao sijausahau.

Hapo ndipo vijana wanapomalizia, kwenye gagulo na matope. Mimi nilipelekwa nyumba ya jirani, mjane aliyenipa sweta ya mwanawe iliyonifika tumboni, maana sikuweza kukaa katika boma lile. Ngozi yangu ilikuwa imebabuka kidogo tu shingoni. Aliniletea obusuma, yaani ugali, na ingokho ile iliyokuwa yangu, kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu, nikaisukuma sahani kando. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Likhaya na Senje Peris walikuja kujikinga chini ya upenu, wasijue dirisha liko wazi, au wakijua.

"Alienda nyuma kufanya nini?" Likhaya akauliza. "Mkwe anaendanga jikoni?"

"Gari ilikuwa inaungua."

"Ilikuwa inaungua akiwa mbele. Sisi wote tuliona. Mbona hakusimama hapo kwa wanaume?"

"Si aliona haya."

"Aliona haya ya moshi, hakuona haya ya mama. Na huyo mama amemuita mwana. Mimi nilisikia na masikio yangu. Sasa mtu akiitwa mwana hapa, ataoa dada yake?"

"Kwani ulitaka amuite nani, Likhaya? Aseme karibu mgeni, ungua pole pole?"

Kisha Senje akasema, "Shh. Huyu mkwe ako hapo ndani," na sauti zao zikashuka hadi nikawa nasikia mvua peke yake. Nilijua wanazungumza jambo ambalo sikutakiwa kulisikia, na sikuwa na shaka ni jambo gani. Walikuwa wanakubaliana kuninyima Fridah.

Gari lilirudi mjini likivutwa na trekta ya miwa. Mimi ndimi niliyekaa ndani kushika usukani, na mabua yaliyodondoka kwenye trela yalikuwa yakiangukia kioo, na kila jukwaa tulilopita lilikuwa na la kusema. Nilifikiri siwezi kuaibika zaidi ya hapo. Ofisini mtu alibandika karatasi mlangoni pangu, KIWANDA. Shikanga aliendelea kulitetea dodoki lake kwa wiki kadhaa, kisha akakoma, akawa anaosha vyombo zamu yangu na yake. Fridah ndiye aliyenitisha. Kila Jumamosi alipanda gari kwenda kwao, na Jumapili alirudi amechoka, macho mekundu, mikono ikinuka vitunguu na dawa. Nikimuuliza habari za nyumbani alisema, "Mama ako sawa." Nikimuuliza wamesema nini kuhusu sisi, alisema nisubiri. Nilihesabu hayo yote kama kunikataa kwa adabu. Nililala kwenye kitanda changu nikiirudia siku ile, na katika kuirudia kote nilijiona mimi tu. Koti langu, jina langu, mimi matopeni, watu wakinitazama.

Mwisho wa mwaka Senje Peris alikuja hadi Lurambi, akaketi kwenye kitanda cha Shikanga, akanywa chai yenye harufu ya mafuta taa bila kulalamika. Alisema wazee wameketi. Niende na mbuzi na blanketi, haya ifunguliwe, kisha mambo mengine yafuate. "Likhaya alikuwa amekataa kabisa," akasema. "Lakini huyo mama amesema kama si wewe, basi hakuna harusi ingine atapikia. Na sisi tunajua vile amekaa." Sikumuuliza amekaa vipi. Nilikuwa na furaha mno.

Tulikwenda kwa miguu kutoka barabarani, tukimvuta mbuzi. Hakukuwa na turubai safari hiyo, mkeka tu mbele ya nyumba na watu wachache. Nilisimamishwa upande mmoja. Mama mkwe alitoka ndani amejifunika leso kutoka mabegani, mikono ndani yake, macho chini, na Fridah alimshika kiwiko kumwongoza, jambo nililoliona la ajabu kwa mama ambaye hakuwa mzee. Blanketi lilipowekwa mabegani mwake hakulishika, lilishikwa na Fridah. Likhaya alisema maneno yake, marefu, kisha akaniamuru, "Mkwe, toa mkono umsalimie mama yako." Nikautoa. Yeye naye akautoa wake kutoka kwenye leso.

Nilidhani kwanza ameshika kitu. Kiganja kilikuwa kigumu na laini kwa pamoja, ngozi inayong'aa, isiyo na mstari hata mmoja, na vidole viwili vilikuwa vimejikunja kuelekea ndani visiweze kunyooka. Nikakigeuza bila kufikiri. Nikatazama mkono mwingine, ulikuwa hivyo hivyo. Baadaye Fridah ndiye aliyenieleza kwamba nailoni ya koti langu iliyeyuka ikamshika viganjani alipokuwa akinivua, kwamba alilazwa hospitali wiki nyingi, kwamba majirani walimpalilia mahindi, na yeye Fridah alikuwa akienda kila Jumamosi kumlisha na kumwogesha. Nao wote waliapishwa wasiniambie. Aliwaapisha mama mwenyewe. "Akijua ataona haya, hatarudi," alisema, "na mtoto wangu atabaki na nani?" Lakini pale mkekani sikuwa nimeambiwa lolote. Nilikuwa na mkono ule ndani ya wangu, na miezi yote ile niliyolilia koti na jina langu ilinijia mara moja, nikaona haya ambayo sijapata kuiona tena maishani, wala haijanitoka. Nililegeza vidole nisimuumize.

Aliinua macho, jambo ambalo mama mkwe hafanyi, akaniambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Shika tu, mwana wanje. Siku hizi haiumi." Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikaushika.